Kranki Ndefu

Baba yangu alikuwa mpagazi, kwa hiyo alijua kila kitu kuhusu injini. Hivyo ndivyo alivyoamini yeye. Ujanani mwake alibeba pembe za ndovu kutoka kwetu Unyamwezi mpaka Bagamoyo, akarudi na majora ya nguo, miaka ile kabla reli haijafika Tabora na kuwanyang'anya wapagazi kazi yao. Safari hizo zilimwachia nundu ngumu kwenye bega la kushoto, na maoni yasiyotikisika juu ya jambo lolote linalohusu kusafirisha mzigo. Mimi nilikuwa fundi wa magari, na gereji yangu ilikuwa ni ua wa nyumba yetu ya mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Kila nilipofungua injini, mzee alivuta kigoda chake, akakaa karibu na kunieleza inavyotakiwa kufanywa.

Lori letu lilikuwa la jeshi, lililouzwa chakavu baada ya vita kuu ya pili. Lilikuwa la watu watatu. Baba alitoa ng'ombe wakauzwa, mimi nilitoa mikono yangu, na wa tatu alikuwa dereva, Mzaramo mmoja wa Pwani aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akaiacha kazi ya reli asiiache Tabora. Kwa kuwa alikuwa Mzaramo, alikuwa mtani wetu. Vijana wa siku hizi wakisikia neno utani wanafikiri ni mzaha tu. Kwetu ilikuwa haki, iliyoanzia kwenye njia ileile ya wapagazi. Mtani aliweza kuingia nyumbani, akachukua kigoda alichokalia baba yako na kumwambia usoni maneno ambayo wewe mwana ungeyasema ungelaaniwa. Na kukasirika ilikuwa marufuku. Ukikasirikia utani, wewe ndiwe uliyekosa adabu.

Kazi yetu ilikuwa kuchukua pamba kwa wakulima wa ng'ambo ya Nzega na kuipeleka stesheni ya Bukene ikapakiwe kwenye treni. Njiani kulikuwa na mto wa mchanga. Msimu wa pamba mto huo hauna maji, lakini mchanga wake ulikuwa mwingi na laini, na ukishaumaliza unakutana na kilima cha ukingo kinachokwenda juu kama paa la nyumba. Msimu wetu wa kwanza lori halikuvuka hata mara moja likiwa na mzigo kamili. Lilinguruma, likachimba, likakaa. Wanawake wa vijiji vya jirani walishazoea. Wakisikia tunakuja, walishuka mtoni na ngata zao mkononi, yale majani na matambara yanayosokotwa duara na kuwekwa kichwani chini ya mzigo. Marobota ya pamba yalifunguliwa, yakagawanywa, yakabebwa vichwani kwa ujira mdogo mpaka juu ya ukingo, kisha lori tupu likapanda na kupakiwa upya.

Siku moja baba alisema anataka kupanda lori aone ng'ombe wake wanavyofanya kazi. Aliona. Alisimama kwenye mchanga akiwatazama wale kina mama wakipanda na mizigo, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemfahamu. Tulipofika nyumbani ndipo alipotuambia, mimi na mtani, huku amesimama.

"Msimu ujao mzigo wangu ukishushwa tena mtoni, nauza lori. Ng'ombe wangu warudi zizini."

Nilijua anachokisema kinatoka wapi. Aliwahi kunisimulia mara moja tu. Rafiki yake, aliyetoka naye kijiji kimoja na kupangwa naye mstari mmoja katika msafara, alishikwa na homa siku chache kabla ya kufika Pwani. Msafara haumsubiri mgonjwa. Alishushwa kando ya njia, chini ya kivuli, akaachiwa kibuyu cha maji, na mzigo wake akapewa baba. Waliporudi hawakumkuta, wala hawakukuta alipozikwa. Tangu hapo baba alikuwa na neno moja: kilichoshushwa njiani hakifiki. Hakutaka kuliona likitokea kwa jina lake, hata kwa robota la pamba.

Mwisho wa msimu ule injini ilikauka oili, beringi zikayeyuka, ikasimama. Kwa fundi mwingine huo ungekuwa msiba. Mimi nilifurahi, na sioni haya kusema. Nilikuwa natafuta sababu ya kuifungua mpaka chini.

Niieleze kranki kwa wasioijua. Ndani ya injini pistoni zinapanda na kushuka. Kranki ni ule mhimili wa chini wenye mikono iliyopinda, unaogeuza kupanda na kushuka huko kuwa mzunguko, vile miguu ya mwendesha baiskeli inavyozungusha pedali. Mkono wa kranki ukiwa mfupi, pistoni husafiri kidogo, na injini huweza kuzunguka kwa kasi na wepesi. Mkono ukiwa mrefu, pistoni husafiri mbali zaidi, injini haipendi tena kukimbizwa, lakini inakuwa na nguvu ya kuvuta hata ikizunguka polepole. Lori letu lilizaliwa na kranki fupi. Kwenye chuma chakavu nilichokinunua pamoja nalo kulikuwa na injini nyingine ya ukoo uleule, bloku yake, lile bonge la chuma zinamopita pistoni, imepasuka kwa kuchemka, lakini kranki yake nzima na ndefu, na pistoni zake zikiwa bado nzuri. Kwa hiyo nilikuwa na mbili za kuchagua. Na nikishachagua ndefu hakuna kurudi, kwa sababu ilinilazimu kukwangua bloku upande wa ndani ili mikono yake mirefu ipate nafasi ya kupita.

Nilitaka ndefu. Wenzangu wote wawili walitaka fupi.

Mtani alitaka fupi kwa sababu ya fahari. Kulikuwa na lori jipya la mfanyabiashara mmoja wa mjini, ambalo lilitupita barabara ya Nzega karibu kila safari na kutuachia vumbi la kula. Alitaka injini inayolia juu, inayokimbia, aje naye amlishe mwenzake vumbi. Huyo nilimweza. Nilimwambia, "Sawa, utampita. Halafu atakukuta mtoni umepiga magoti unachimba mchanga kwa mikono, na wale kina mama wamekuzunguka wanakucheka kwa Kinyamwezi usichokijua."

"Wanasema nini, kwani?"

"Wanasema Mzaramo anatafuta bahari."

Alitukana, kisha akacheka, kisha akasema lori likipitwa na baiskeli ataacha kazi. Nikajua nimempata.

Baba ndiye aliyekuwa mlima. Yeye alitaka kranki fupi kwa sababu ya bega lake. Nilipomwonyesha zote mbili zimelazwa juu ya gunia, alizipima kwa shibiri, akauliza ipi inafanya pistoni iende hatua fupi. Nikamwonyesha.

"Hiyo," alisema. "Mpagazi mwenye mzigo mzito hapigi hatua ndefu. Hatua ndefu ni ya mtu mwenye mikono mitupu. Kijana mgeni wa safari alikuwa anajitanua hatua, jioni unamkuta kando ya njia anakanda mapaja. Hatua fupi fupi, ndizo zinazofikisha pembe Pwani."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Kila Mnyamwezi aliyewahi kuinua mzigo anajua hivyo, na mafundi wenzangu wawili wa Ng'ambo waliosimama pale waliitikia kwa kichwa kumwunga mkono. Ilikuwa akili nzuri kabisa, imewekwa mahali pasipo pake. Nikafungua mdomo kujibu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, akaondoka na kigoda chake.

Ningefanya nini? Ningeweza kuifunga ndefu bila kumwambia, lakini ng'ombe walikuwa wake. Ningeweza kumwambia mbele ya watu kwamba amekosea, na watu wangesema mwana wa fulani amemvunjia baba yake heshima kwa sababu ya chuma. Hilo sikuwa tayari kulifanya. Wala sikuwa tayari kuifunga fupi. Nilikaa na hasira siku nzima, nikipiga tupa kwenye chuma kisichohitaji kupigwa tupa, mpaka mke wangu akaniuliza kama kile chuma kimenikopa. Ndipo nilipokumbuka kwamba nina mtani.

Asubuhi iliyofuata baba alikuwa uani anakunywa uji. Mtani aliingia, hakusema hodi, akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimesikia umekuwa fundi. Wewe mtu uliyebeba pembe mpaka kwetu, wazee wangu wakakupa maji ya kunywa kwa huruma, leo unafundisha watu injini? Inuka hapo. Njoo uniwashie gari hili, mimi mwana wa Pwani sina nguvu."

Uani kulikuwa na lori la mteja lililoletwa kutengenezwa breki. Tuliwasha magari kwa hendeli siku hizo, ile fimbo ya chuma iliyopinda inayochomekwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa mikono. Mimi nilikuwa nimeshazima swichi na kuchomoa waya, injini isije ikarudi nyuma ikamvunja mzee mkono. Mtani alimpa hendeli niliyomtengenezea jioni ya jana yake. Ilikuwa hendeli iliyovunjika mkono, nami nikaichomelea kishikio karibu kabisa na shina lake.

Baba aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kuambiwa na Mzaramo kwamba hawezi kitu. Alichomeka, akashika kwa mikono miwili, akasukuma. Injini haikutikisika. Akavua koti. Akasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama, nami nikaanza kuogopa, kwa sababu alikuwa amepita umri wa mambo hayo.

"Basi, basi," mtani akasema. "Punda amechoka. Mpeni hii nyingine." Akampa hendeli nzima, yenye mkono mrefu.

Baba alishika, akavuta pumzi, akasukuma. Injini ikageuka. Akasukuma tena, ikageuka tena, akaendelea kuizungusha zaidi ya ilivyohitajika, kwa hasira tu. Kisha akasimama na kuziangalia zile hendeli mbili, moja mkononi na nyingine chini.

Baba aliniangalia mimi, siyo yeye. "Kwa hiyo huko ndani pistoni ndiyo mimi. Na kranki ndiyo hii hendeli."

"Ndiyo, baba."

"Sasa miguu iko wapi?"

Swali hilo sikulitegemea. Nikampeleka kwenye lori letu, nikamwonyesha sanduku la gea lililokuwa wazi, gurudumu dogo la meno likisukuma kubwa. Nikamwambia gea ya kwanza ndiyo hatua fupi ya mpagazi, na kwamba ukiingia mchangani unahitaji vyote viwili, ule mkono na ile hatua. Alichovya kidole kwenye oili, akakinusa.

"Mkono mrefu, hatua fupi," alisema.

"Hapo hapo, baba."

"Basi mngeniambia hivyo tangu jana, badala ya kumtuma huyu mla samaki." Akarudi kwenye uji wake. Mtani alikuwa ameshaumaliza.

Kazi ilianza. Kranki ilikwenda kwa Kalasinga mmoja mwenye mashine ya kukereza chuma, akailainisha pale beringi zinapokaa. Bloku niliikwangua mwenyewe kwa tupa, kidogo kidogo, nikijaribu kranki, nikitoa, nikikwangua tena, mpaka vidole vikavimba nikawa nakula kwa kijiko. Sikuwa na haraka wala sikuwa na shaka. Hofu yangu ilikuwa juu, siyo chini. Hedi ya lori letu, yaani kifuniko cha juu ya pistoni, ilikuwa imeshasagwa na mafundi walionitangulia ikapungua kina, na mwendo wa pistoni sasa ulikuwa mrefu. Pistoni ikifika juu ikagonga hedi, kila kitu kingevunjika kwa mpigo wa kwanza.

Baba ndiye aliyetoa dawa, bila kujua kama ni dawa. Alikuwa na mizinga yake ya nyuki porini, na nyumbani hapakukosekana nta. Nilibandika kidonge cha nta juu ya kila pistoni, nikafunga hedi, nikazungusha injini kwa mkono taratibu, nikafungua tena. Nta iliyobaki juu ya pistoni ya tatu ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilikata gasketi ya pili, bamba la shaba la kuinua hedi, nikaiweka juu ya ile ya kwanza, nikarudia. Mara hii nta ilibaki nene ya kutosha. Baba aliichukua, akaibonyeza kwa vidole, akasema, "Hapa pistoni inapita bila kuinama." Nikafunga boliti zote.

Ilipowaka, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, nzito na ya chini. Mtani alisikiliza akiwa ameshika kiuno. "Linaguna kama mzee aliyekatizwa usingizi," alisema. Lakini alipolitoa barabarani alirudi akiuliza tunapakia lini.

Safari ya kwanza ya msimu tulipakia mzigo kamili. Baba alikaa mbele katikati yetu, amevaa koti ingawa kulikuwa na jua. Lile lori la mfanyabiashara lilitupita kabla hatujafika mbali, kwa honi ndefu. Mtani aliuma meno. "Mwenda pole hajikwai," baba akamwambia, naye akajibu kwamba mwenda pole hula vumbi, na wakaendelea hivyo maili nyingi.

Mtoni kina mama walikuwa wameshashuka, ngata mkononi. "Mwangaluka!" walituamkia, wakaanza kukunja kanga viunoni, tayari kwa kazi. Mtani hakusimama. Aliingiza gea ya kwanza akateremka kwenye mchanga bila kukanyaga mafuta sana, kama nilivyomsihi. Magurudumu hayakuchimba. Yaligeuka polepole, yakashika, yakasonga. Katikati ya mto mchanga ulipozidi, injini ilipunguza mwendo lakini haikupunguza nguvu. Kisha tukaanza ukingo. Hapo ilishuka kasi mpaka nikawa nasikia kila pistoni peke yake, na baina ya mpigo mmoja na mwingine nilikuwa nasema moyoni, sasa inazima. Haikuzima. Mikono yangu ilikuwa imeshika dashibodi kana kwamba mimi ndiye ninayesukuma. Pua ya lori ikalala sawa, tukaona miti, tukawa juu.

Niligeuka nyuma. Wale kina mama walikuwa bado wamesimama mchangani na ngata zao, wamepoteza kazi ya asubuhi, lakini mmoja akapiga kigelegele na wengine wakamfuata. Baba aliomba lori lisimame. Alipoteremka, nikaona kwa nini alikuwa amevaa koti. Ndani yake alikuwa ameficha ngata yake mwenyewe, mpya, ya majani yaliyosokotwa vizuri. Alikuja tayari kubeba. Aliitazama, akairudisha kotini, akapiga boneti kwa kiganja mara moja, kama anavyompiga ng'ombe anayekusudia kumnunua. Ng'ombe hakuwataja tena.

Tulibeba pamba misimu mingi. Kila tulipotaka kubishana uani, mtu alisema "mkono mrefu, hatua fupi," ubishi ukaisha. Lori lilipitwa na kila kitu chenye magurudumu, na mtani hakuacha kazi.

Baba alifariki wakati wa kiangazi, nyumbani Ng'ambo, kitandani mwake. Alikuwa ameagiza azikwe kijijini kwake, na kijiji kilikuwa ng'ambo ya mto ule. Tuliweka jeneza ndani ya lori. Ndugu, majirani na watu wa kanisani walijaza nafasi iliyobaki, pamoja na sufuria, mchele na mbuzi wa matanga. Mtani alikuwa kwenye usukani. Shingoni alikuwa amening'iniza ile hendeli fupi kwa kamba, kama ilivyo haki ya mtani kuwachekesha wafiwa, na kila tulipopita kijiji aliwatangazia watu kwamba amembeba fundi mkuu wa serikali. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Tulipofika mtoni, mjomba wangu alisimama akasema wanaume wote washuke kupunguza uzito, na ikibidi tulishushe jeneza, tulivushe kwa mabega. Ilikuwa busara. Injini ilikuwa imezeeka na mzigo ulikuwa mkubwa. Watu wakaanza kushika ubao kuteremka.

Mtani alitoa kichwa dirishani. Uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

"Asishuke mtu," alisema. "Hata mbuzi."

Watu waliniangalia mimi. Nikasema wakae. Nilikaa chini karibu na jeneza, nikaweka mkono juu yake, nikasikia gea ya kwanza ikiingia. Mto wote nilikuwa naisikiliza ile kranki chini ya mbao, ikizunguka polepole, mpigo kwa mpigo, kama nilivyoifunga. Ukingoni ilizidi kupungua kasi, watu wakaacha kuimba. Ilivuta. Ilivuta mpaka juu.

Mtani alizima injini. Alizunguka nyuma, akapanda tairi, akagonga jeneza taratibu kwa hendeli fupi.

"Mzee," alisema, "umevuka. Hakuna aliyekushusha."

Watu walicheka, mimi nikalia. Kisha nikashuka nikachukua hendeli ndefu, nikaiwasha injini, tukaendelea.